Waliokwenda Barumbu Ili Wapate Kuwa Kisangani

Baleinière ilikuwa imekwisha kung'oka ukingoni, na bado watu walikuwa wanairukia. Mama mmoja alirusha kwanza kidumu chake cha mafuta, kisha viatu, kisha akajirusha mwenyewe, akadakwa na mikono ya watu asiowajua. Injini ikakohoa moshi mweusi. Chombo kile kirefu cha mbao kikageuza pua kufuata maji, na Kisangani ikaanza kurudi nyuma: maghala ya bandari yaliyoota kutu, minara ya kanisa kuu, akina mama wanaofua kwenye mawe na kutukana mawimbi ya kila chombo kinachopita.

Hadidja alikaa katikati, juu ya gunia la chumvi, simu yake ameifunga ndani ya mfuko wa plastiki na mfuko ameufunga ndani ya kitenge. Alikuwa mshonaji wa nguo za wanawake katika commune ya Kabondo, binti wa marehemu Asumani fundi seremala, na maji hakuyapenda hata ya kuoga yakizidi ndoo. Umri wake wote alikuwa hajauacha mji ila kwa mazishi. Leo alikuwa anauacha kwa sababu moja tu: ili Serikali ipate kuamini kwamba hajauacha.

Msafiri akisikia hivyo atasema huyu mama ana homa. Lakini karibu chombo kizima kilikuwa na homa hiyohiyo.

"Mama Hadidja, shika ubao, usishike miye!" alipiga kelele Viviane, muuza samaki wa Yanonge, aliyezaliwa karibu ndani ya mtumbwi. "Nikianguka tutaanguka wawili, na weye huogelei."

"Nikifa, nitafia Kisangani ao nitafia safarini?"

"Uliza mashine!"

Watu wakacheka, na kicheko kikawasaidia kuusahau mtikisiko wa mkondo.

Mambo yalianza hivi. Kisangani, kama umepita mitaa yake, umeona kuta zimeandikwa kwa rangi nyekundu: PARCELLE HII HAIUZISHWE. Si pambo, ni kusema kiwanja hiki hakiuzwi. Kuna watu wanaokaa mbali, Kinshasa, Ulaya, huko na huko, na wakiishiwa wanauza kiwanja cha shangazi yao kwa simu. Shangazi anatoka sokoni, anakuta fundi anapima dirisha. Basi ofisi moja ya mkoa inayoshughulika na viwanja ikaamua kulimaliza jambo hilo kisasa. Mkuu wa ofisi, Chef Augustin, mtu wa tai na leso, alikuwa amerudi kutoka semina. Akaeleza redioni kwamba kila mwenye kiwanja ataingia kwa simu yake kwenye seva ya ofisi na kuthibitisha kwamba anakaa pale. Kiwanja kimoja, uthibitisho mmoja, kabla mwezi haujaisha. Asiyethibitisha, kiwanja chake kitahesabika kitupu, na atakayekutwa ndani atakichukua.

Na uzuri wa seva hiyo, alisema Chef Augustin huku sauti yake ikipanda kama mtu anayekata utepe, ni kwamba itafungua mlango kwa mtu aliye Kisangani peke yake. Kila mtandao una anwani yake, kama vile nyumba ina anwani, na mashine inaitazama anwani hiyo kwenye daftari kubwa la dunia, inajua huyu anaita kutoka mji gani. Anayeita kutoka Kinshasa, mlango haufunguki. Anayeita kutoka Ulaya, vilevile. Wezi wa mbali wamekwisha.

Mji ulishangilia. Hadidja alishangilia kuliko wengine, kwa maana alikuwa na mwizi wake wa mbali, tena wa damu: Dady, mtoto wa baba yake mdogo, anayekaa Kinshasa na kusema kila mwaka kwamba kiwanja cha Kabondo ni cha babu, kwa hiyo ni chake pia, kwa hiyo ni chake zaidi.

Siku mlango ulipofunguliwa, Hadidja alifunga mashine yake ya kushonea, akanawa mikono kama mtu anayekwenda kuswali, akabonyeza. Simu ikamjibu: UKO KINSHASA. HURUHUSIWI.

Alifikiri amekosea. Akatoka barabarani, akakuta barabara nzima imetoka. Wote walikuwa Kinshasa. Kumbe makampuni ya simu, ukiwa Kisangani ukiomba kitu kwenye mtandao, ombi lako yanalipeleka kwanza Kinshasa, linatokea kule, linavaa anwani ya kule. Papa Yusufu muuza nyama, ambaye hajawahi kupanda ndege wala meli, aliposomewa kwamba yuko Kinshasa aliuliza: "Commune gani?" Matajiri walioweka masahani ya kuita mbinguni, yale ya setilaiti, ndio walioaibika zaidi, hao mashine iliwapeleka nje ya nchi kabisa, kwenye mji wenye bahari.

Watu wa Kisangani si watu wa kukata tamaa mbele ya karatasi. Walikwenda kwa machefu wa mitaa, wakachukua attestation de résidence, zile hati za ukaaji zenye muhuri wa duara, kisha wakaziweka mbele ya jicho la simu ili mashine isome. Wengine waliigeuza simu huku na huku iuone mtaa. Mama mmoja aliielekeza kwenye mto na kuiuliza kama Kinshasa kuna maporomoko ya Wagenia. Mashine haikubadili neno.

Wakaenda ofisini. Chef Augustin aliwajibu kutoka dirishani.

"Système haidanganyi. Kama inasema uko Kinshasa, bon, jiulize weye mwenyewe."

"Chef, miye huyu hapa! Unaniona!"

"Miye ninakuona, ndiyo. Lakini miye sio système."

Wiki ikapita hivyo. Kisha Dady akashuka kutoka ndege ya Kinshasa na sanduku lenye magurudumu, akaja Kabondo nyuma ya pikipiki, miwani ya jua usoni.

"Yaya Hadidja! Dada yangu! Nimekuya kukusalimia tu."

Hata marehemu wa ukoo hakuwaulizia, aliulizia mtandao. Huko kwao alikuwa amejaribu hila zote za vijana, zile za kuifanya simu ionekane iko mji mwingine, lakini hila zile ziliuza Paris, ziliuza Amsterdam. Kisangani hakuna aliyeiweka dukani. Akaona afunge safari aje kuithibitishia hapahapa. Akakaa kwenye kiti cha marehemu Asumani, akabonyeza. UKO KINSHASA. HURUHUSIWI.

"Sasa hii iko nini? Nimetoka kule jana!"

"Njo vile," Hadidja alimjibu, akimwekea sahani ya lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa moshi, kwa maana mtoto wa baba mdogo hafukuzwi, hata akija kukuibia, anaandaliwa. "Pole na safari."

Ndipo wauza samaki walipoleta habari kutoka chini ya mto. Kulikuwa na kampuni moja ya mbao iliyokuwa na ofisi yake mjini. Mtandao wake iliuandikisha kwa anwani ya ofisi hiyo: Kisangani. Kampuni ikafa, vyombo vikauzwa, na antena pamoja na masanduku yake akavinunua Henri, mfanyabiashara wa Barumbu, mwendo wa chombo hadi upande wa Basoko, ili watu wa kule wapate kupiga simu za picha kwa watoto wao. Anwani ilisafiri na vyombo, lakini kwenye daftari kubwa la dunia hakuna aliyeifuta. Kwa mashine ya Chef Augustin, Kisangani yote iliyokuwa hai chini ya jua ilikuwa uani kwa Henri, Barumbu, kati ya banda la mbuzi na mitego ya samaki.

Hadidja alisikia habari hiyo kwa Viviane, sokoni. Hakumwambia Dady. Alimwambia anakwenda Basoko kwenye kilio, na Dady, ambaye kilio hakukipenda kwa vile watu huchangishwa, hakutaka kujua cha nani. Lakini mjomba wake, Tonton Zakaria, mzee aliyekuja kutoka Lubunga kumlindia nyumba, Hadidja alimvuta pembeni, akamnong'oneza:

"Tonton, nyumba ninakuachia weye. Usitoke. Mutu yeyote akiuliza kitu, weye unajua ya kusema."

"Mutoto wangu, miye? Nimezaliwa wakati ya Wabelgiji. Ninajua ya kusema."

Hapo ndipo alipojiangamiza, lakini hakujua. Akapanda baleinière.

Kufika Yangambi, mtu wa Serikali mwenye kofia aliwasimamisha. Alitaka kujua wanatoka wapi.

"Kisangani!" chombo kizima kilijibu.

"Na munaenda wapi?"

Mzee mmoja wa nyuma, mtu wa haki, akasema: "Kisangani."

Mwenye kofia aliwaangalia, akauangalia mto uendako, akauangalia mto utokako. "Munatoka Kisangani, munaenda Kisangani, na munashuka na maji."

"Njo vile, chef. Ya juu imekataa, tunaenda kujaribu ya chini."

Akawaweka pale mpaka jua likageuka, akitafuta kwenye kichwa chake kosa la namna hiyo linaitwaje. Hakulipata. Akawaachia, lakini kwa uchungu, kama mtu aliyenyimwa chakula kilichokwisha kuiva.

Kutoka hapo walikwenda na visiwa, na michanga, na mitumbwi ya wauza kwanga, mikate ya muhogo, waliojishikiza ubavuni mwa chombo. Hadidja alitapika Isangi, akapata nguvu, akatapika tena. Kila alipofumba macho aliona kiti cha baba yake. Kiti kile Asumani alikitengeneza kwa mbao iliyobaki ya mlango wa msikiti, na nyumba ile aliijenga mwenyewe, na Hadidja ndiye aliyekuwa akimshikia misumari. Hakuwa na nyumba nyingine, wala ufundi wake haukuwa na mahali pengine; wateja wake walijua mlango ule. Akikosa ule, atakuwa mshonaji wa barandani kwa watu.

Barumbu waliwapokea kama mavuno. Kwa Henri palikuwa pamegeuka mji. Chini ya bati lake watu walijipanga na simu mkononi. Pembeni wake za wavuvi walikaanga samaki. Jirani yake alikodisha mikeka kwa "wakaaji wa Kisangani" wanaongoja zamu. Henri mwenyewe, mtu mfupi mwenye kaptula, alikuwa amepaka ubao na kuusimamisha mlangoni: KARIBU KISANGANI. Watu walimwita bourgmestre, mkuu wa commune, na yeye alikuwa ameanza kuitika.

"Mama, unatoka wapi?"

"Kisangani."

"Kisangani gani, ile ya uongo ao hii?"

"Ile ya uongo, papa. Nipeleke kwa ya kweli, mugongo inauma."

Zamu yake ilipofika Viviane alimfungulia mfuko wa plastiki, naye akaitoa simu. Akabonyeza. Mviringo ukazunguka, ukazunguka. Mbuzi akalia. Kisha: KARIBU. UKO KISANGANI. Akaandika jina, akaandika mtaa, akajibu kwamba ndiyo, kwa wakati huu yuko ndani ya kiwanja chake. Mbele yake mvuvi alikuwa anapasua kambale. UTHIBITISHO UMEPOKELEWA.

Hadidja alikaa chini kwenye mchanga na kulia.

"Angalieni mama anavyokuwa kitoko, muzuri kabisa, akiwa Kisangani!" alisema Viviane. Wakamnunulia samaki wa kukaanga, naye akala, kwa mara ya kwanza tangu waondoke ukingoni.

Kurudi ni kupanda maji, na kupanda maji ni polepole. Hadidja alipofika Kabondo alikuwa ameungua uso, amechakaa, na anaimba. Wimbo ulimkatikia getini. Chini ya yale maandishi ya PARCELLE HII HAIUZISHWE kulikuwa na rangi mpya, ya bluu, mkono wa ofisi: IMEKAGULIWA. MUKAAJI: DADY.

Dady alikuwa kwenye kiti cha Asumani, miguu juu ya kigoda cha kushonea.

"Karibu, yaya. Kilio kilikuwa namna gani?"

Hadidja alipita mpaka jikoni, kwa Tonton Zakaria, ambaye alikuwa anamenya ndizi na uso wa mtu aliyetimiza kazi.

"Tonton, nini ilitokea?"

"Walikuya batu ya Serikali, na mikoba, na rangi. Usiogope. Nilikuficha."

"Ulinificha?"

"Wakauliza: 'Hadidja iko?' Nikawaambia: Hadidja? Haiko. Alisafiri. Wakauliza: 'Atarudi lini?' Nikasema, hatujui, labda harudi tena. Wakauliza: 'Na weye, papa?' Nikasema: miye ninapita tu, nimeomba maji ya kunywa." Mzee alicheka, akionyesha meno yake machache. "Hawakupata kitu! Wakauliza: 'Alors, nani anakaa hapa?' Nikanyamaza. Njo huyu mupumbavu akatoka chumbani na kusema: miye. Nikasema moyoni, bon, wamukamate yeye."

Usimlaumu Zakaria. Kisangani yote ilijibu hivyo. Ilikuwa hivi: Chef Augustin aliletewa taarifa kwamba uthibitisho wote umetoka kwenye anwani moja, kana kwamba mji mzima umehamia nyumba ya mtu mmoja. Akaogopa. Akatuma mawakala wapite mlango kwa mlango kuona kwa macho nani yupo. Na mtu wa Serikali mwenye mkoba akibisha mlango Kisangani na kutaja jina la mwenye nyumba, jibu lake linajulikana tangu enzi za babu: hayuko, amesafiri. Kodi ilikwepwa hivyo, kazi za barabara zilikwepwa hivyo, vita vilikwepwa hivyo. Waliokuwa Barumbu walisemwa wamesafiri. Na waliokuwa nyumbani nao walisemwa wamesafiri, na wengine walijisema wenyewe. Papa Yusufu aliwafungulia mlango kwa mkono wake, kisu cha nyama mkononi, akawaambia: "Yusufu? Huyo alienda Bunia, hata sisi tunamutafuta." Wakaandika: kitupu.

Hadidja hakumgombeza mjomba wake. Alimchukulia ndizi mkononi, akamaliza kuzimenya, kisha akajifunga kitenge upya na kwenda ofisini. Dady, kwa kuogopa kusemwa akiwa hayupo, akamfuata. Viviane, aliyerudi naye, akafuata kwa sababu hakuwa na sababu ya kukosa. Papa Yusufu walimkuta kwenye ukumbi, amekaa na wenzake wengi waliosafiri bila kutoka nyumbani.

Chef Augustin aliwapokea na feni ikizunguka juu ya kichwa chake. Hadidja alitoa simu, akamwonyesha: uthibitisho umepokelewa, Hadidja, Kisangani.

"Ninaona," alisema Augustin. "Système inasema siku hiyo ulikuwa Kisangani. Mawakala wangu wanasema hukuwa kwenye parcelle. Donc, mama, ninakuuliza swali moja. Ulikuwa wapi?"

Swali lile lilikuwa la kila mtu ukumbini. Hadidja aliliona lilivyo. Akisema Barumbu, uthibitisho wake ni wa uongo, unafutwa, na nyumba inakwenda. Akisema Kisangani, ataulizwa mbona mlango ulifunguliwa na Dady. Aliitazama meza, akaitazama tai, akaona hakuna mahali pa kupita ila katikati.

"Chef, système inasema nilikuwa wapi?"

"Kisangani."

"Système inadanganya?"

Augustin alikohoa. "Système haidanganyi."

"Alors mbona unaniuliza miye? Miye niko nani, nipinge mashine ya Serikali?"

Ukumbi ulicheka. Dady akaruka. "Chef! Huyu mama alikuwa Barumbu! Kila mutu anajua! Chombo ilijaa!"

"Na weye, Dady," alisema Hadidja, taratibu kama anapima kitambaa, "mashine inasema weye uko wapi?"

Dady akaiweka simu mfukoni. Lakini Augustin alikuwa amekwisha kunyoosha mkono, na mkono wa chef ukinyooshwa hauwezi kurudi mtupu. Akabonyeza, akasoma, akasoma tena kwa sauti ndogo: "Uko Kinshasa."

"Niko mbele yako, chef!"

"Hayo ni mawazo yako."

"Basi fungua kwenye mashine yako," Hadidja alimwambia, "uangalie parcelle ya Asumani iko kwa jina ya nani. Tumalize."

Hapo Chef Augustin alifanya kitu ambacho hawakukitegemea. Alifunga kifuniko cha kompyuta yake. "Courant haiko leo," alisema.

Watu wote waliinua macho kwenye feni. Feni ikaendelea kuzunguka, bila aibu.

"Chef," alisema Papa Yusufu kutoka mlangoni, "hata nyama yangu inaona courant iko."

Akaifungua. Hakuwa na njia. Akabonyeza kwa kidole kimoja, mwili ameusogeza ili kuficha kioo, lakini dirisha lilikuwa nyuma yake, na dirishani alikuwa Viviane, ambaye amezoea kusoma mizani ya watu kutoka mbali. Kumbe ofisi nayo ilikuwa na sahani la mbinguni.

"UKO NJE YA NCHI!" Viviane aliwasomea. "HURUHUSIWI!"

Tangu siku mlango ule ulipofunguliwa, Augustin mwenyewe hakuwa ameingia. Taarifa alikuwa akiletewa na fundi wa Kinshasa kule seva inakokaa, aliyejiachia njia yake ya siri ya kuingilia, mpaka alipoumwa na kulazwa. Mkuu alikuwa nje kama watu wake, tofauti ni kwamba yeye alikuwa na dirisha la kusemea.

"Chef iko nje ya nchi!" watu walipokezana ukumbini mpaka barabarani. "Bila ordre de mission!"

Maneno hayo ya mwisho aliyasema mtu mmoja kwa mzaha, lakini ndiyo yaliyomtoa Augustin jasho, maana yeye aliijua sheria kuliko wao. Mtumishi aliye nje ya nchi bila karatasi ya safari ameitoroka kazi. Ikiwa mashine inasema kweli juu ya Hadidja, inasema kweli juu yake. Ikiwa inasema uongo juu yake, basi kazi yote ya mwezi ni uongo, na semina, na redio. Alitoa leso, akajifuta shingo, na watu wakasogea karibu, kwa vile walitaka kuona atapita wapi.

"Nitahukumu," alisema. "Système haidanganyi. Na mawakala wangu hawadanganyi. Bon. Mama Hadidja alikuwa Kisangani, lakini hakuwa nyumbani. Bwana Dady alikuwa nyumbani, lakini hakuwa Kisangani. Parcelle inatolewa kwa mukaaji wa Kisangani. Donc, iko ya Mama Hadidja."

Kelele zilizopigwa zilitoa vumbi kwenye mapazia. Hadidja alishika meza kwa mikono miwili.

"Na huyu, chef? Atoke kwangu leo?"

Augustin alifikiri. "Kumutoa ni kazi ya huissier, mutu wa mahakama. Na huissier wa Kisangani anatoa mutu aliye Kisangani. Huyu, kwa maandishi, haiko hapa. Siwezi kumufukuza mutu ambaye haiko."

"Chef, nitamulisha mpaka lini?"

"Mpaka arudi."

Augustin aliandika hukumu hiyo kwa mkono wake, akaipiga muhuri, na pale pa kuandika jina la mji akapaacha patupu.

Hadidja yuko Kabondo, anashona. Kiwanja ni chake. Dady anakaa chumba cha mbele. Nauli ya kurudi hana, na kila anapotishiwa kufukuzwa anaonyesha nakala ya hukumu. Anakula lituma, hashoni. Tonton Zakaria alirudi Lubunga kwa hasira, akisema hakushukuriwa. Fundi wa Kinshasa alipona, akaizuia anwani ya Barumbu, kisha akaajiriwa na benki, na seva haijafunguliwa na mtu tangu wakati ule. Henri aliutoa ubao, mwanzoni mwa mvua radi ikapiga antena, sasa anauza petroli na chumvi. Viviane anauza samaki palepale. Papa Yusufu ameandikwa kuwa hayupo, na kesi yake inaahirishwa kila mara kwa sababu mshitaki amesafiri. Nyama anauza kila asubuhi. Chef Augustin alipandishwa cheo na kuitwa Kinshasa, ambako anafundisha mikoa mingine namna ya kufanya.